Kupima mzingo wa dunia kwa kivuli: somo la mtandaoni kati ya Goma na Lubumbashi

Mwalimu mwenzangu wa sayansi aliye Goma ameniomba nimpangie kwa maandishi shughuli tuliyoifanya pamoja na darasa langu la Lubumbashi, nami naona inaweza kuwafaa na wengine. Majaribio mengi hupoteza ladha yakihamishiwa mtandaoni, kwa kuwa mwanafunzi huishia kutazama mikono ya mtu mwingine ikifanya kazi. Hili halina shida hiyo, kwa sababu umbali ulio kati ya madarasa mawili ndio chombo chenyewe cha kupimia. Eratosthenes, msomi wa Kigiriki, alilifanya katika karne ya 3 kabla ya Kristo kwa kulinganisha miji miwili ya Misri, Aleksandria na Syene, mji ambao leo unaitwa Aswan. Sisi tuna Goma, iliyo karibu digrii 1.7 kusini mwa ikweta, na Lubumbashi, iliyo karibu digrii 11.7, na miji hii inakaribiana kwa longitudo. Wanafunzi wasipewe takwimu hizo mapema, maana ndizo wanazozitafuta.

Hatua ya 1: Siku

Chagueni Juni ikiwezekana. Kiangazi huwa kimeingia pande zote mbili, na katika siku kumi zinazotangulia na kumi zinazofuata tarehe 21 Juni urefu wa jua wakati wa adhuhuri hubadilika kwa chini ya nusu digrii, hivyo mawingu yakiizuia Goma leo, kipimo cha kesho bado kitalingana na cha Lubumbashi. Mwishoni mwa Septemba jua huhama karibu digrii 0.4 kila siku, na hapo ni lazima miji yote miwili ipime siku ileile.

Hatua ya 2: Kikundi

Kikundi kimoja cha WhatsApp kinatosha. Sipendekezi mkutano wa video hata kidogo: hula mega za wazazi, hukatika umeme unapokatika, na katika somo hili hauna kazi, kwa sababu ambayo itaonekana katika hatua ya 4.

Hatua ya 3: Ufito na ubao

Tumieni ufito ulionyooka wa sentimita 50 hivi, uliosimamishwa juu ya ubao uliofunikwa kwa karatasi nyeupe. Ubao uwe sawasawa kabisa, jambo linalohitaji subira mahali kama Goma ambako nyua nyingi ni mawe ya lava. Uwekeni juu ya meza, mwinue miguu kwa vipande vya mbao, na mkague kwa pimamaji ya fundi katika pande mbili zinazokatana. Programu za simu za kupimia usawa zipo, lakini mimi naiamini pimamaji zaidi.

Mwinamo wa digrii moja tu hugeuza tofauti ya pembe za jua kati ya miji yetu miwili kutoka digrii 10 kuwa 9 au 11, na jibu la mwisho linapotoka kwa takriban kilomita 4,000. Kwa hiyo msiutegemee ufito kuwa wima kwa macho. Teremsheni timazi, yaani uzi wenye kijiwe, kutoka kwenye ncha ya ufito, na mtie alama pale inapoigusa karatasi. Urefu upimwe kutoka ncha hadi alama hiyo, na kivuli kipimwe kuanzia alama hiyo, wala si kuanzia shina la ufito.

Hatua ya 4: Adhuhuri ya kweli

Saa sita ya saa ya mkononi si adhuhuri ya jua. Saa ya mashariki mwa Kongo hufuata mstari wa longitudo 30, na miji yetu yote miwili iko magharibi mwake. Tena mwendo wa dunia kulizunguka jua husogeza adhuhuri mbele na nyuma katika mwaka. Mwanzoni mwa Oktoba, jua hufika juu kabisa Goma karibu saa tano na dakika 51, na Lubumbashi karibu saa tano na dakika 58. Katikati ya Februari ni kama saa sita na dakika 17 kwa Goma, na dakika 24 kwa Lubumbashi. Tofauti ya dakika saba kati ya miji haitoweki, na ndiyo sababu hakuna haja ya kupima kwa pamoja: kila darasa hufuata adhuhuri yake.

Msimsubirishe mwanafunzi dakika moja maalumu. Kuanzia saa tano na nusu hadi saa sita na dakika 40, atie nukta penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, na kila baada ya dakika mbili siku ambazo jua liko karibu na utosi. Ukingo wa kivuli una ukungu. Nukta iwekwe katikati ya ukungu huo kila mara. Kisha aunganishe nukta kwa mstari laini na kupima umbali mfupi zaidi kutoka alama ya timazi hadi mstari huo. Wingu likipita na kufuta nukta mbili tatu, mstari bado utachoreka. Faida nyingine ni kwamba nukta ya kwanza iko upande wa magharibi, hivyo anayeielekea kutoka nukta ya mwisho anayo kaskazini mkono wake wa kulia, wala hahitaji dira ya simu, ambayo hupotoshwa na vyuma vya karibu. Wakumbusheni watoto watazame karatasi, wasilitazame jua.

Hatua ya 5: Ujumbe

Kila kundi litume picha ya karatasi na ujumbe mmoja wenye mji, tarehe, urefu wa ufito, urefu wa kivuli, na upande ambao kivuli kimeelekea. Hilo la mwisho wengi hulisahau.

Hatua ya 6: Kutoa au kujumlisha

Hapa ndipo mwenzangu na mimi tulipotumia jioni nzima tukitumiana sauti. Mfano wa Misri uliomo vitabuni una jua la utosini katika mji mmoja, kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kwamba pembe moja inatosha, au kwamba pembe hutolewa daima. Kwetu jua hupita katikati ya miji miwili: takriban kuanzia tarehe 27 Septemba hadi 23 Oktoba, na tena kuanzia 19 Februari hadi 16 Machi. Katika majuma hayo kivuli cha Goma huelekea kaskazini na cha Lubumbashi kusini.

Chukueni tarehe 6 Oktoba, kwa ufito wa sentimita 50. Goma inapata kivuli cha sentimita 3.1 hivi, sawa na digrii 3.5, Lubumbashi sentimita 5.7, sawa na digrii 6.5. Anayetoa anapata digrii 3 na dunia yenye mzingo wa zaidi ya kilomita 130,000. Anayejumlisha anapata digrii 10. Vivuli vikielekea upande mmoja, toeni. Vikielekeana kinyume, jumlisheni. Wachorieni wanafunzi duara lenye fito mbili na miale sambamba kabla ya kuwapa kanuni hii, la sivyo wataikariri tu.

Pembe yenyewe naipata kwa kuchora kwa kipimo pembetatu ya ufito na kivuli chake, na kupima pembe iliyo kwenye ncha ya ufito kwa kipimapembe. Kikokotoo kingoje madarasa ya juu.

Hatua ya 7: Umbali

Kinachotakiwa ni umbali wa kaskazini hadi kusini peke yake, si wa barabara. Kwenye ramani ya karatasi, chora mstari wa mashariki-magharibi unaopita Lubumbashi, kisha pima kutoka Goma moja kwa moja hadi kwenye mstari huo. Ni takriban kilomita 1,105. Mwanafunzi asizidishe digrii kwa 111, yaani kilomita za digrii moja, kwani namba hiyo tayari imebeba jibu ndani yake.

Hatua ya 8: Hesabu

Gawanya 360 kwa tofauti ya pembe, zidisha kwa umbali. Kwa digrii 10 kamili ni kilomita 39,780. Mzingo unaopitia ncha za dunia ni karibu 40,008.

Bukavu nayo inaweza kujiunga, ila ishirikiane na Lubumbashi, ambayo imepishana nayo kwa digrii 9 na kitu. Kati ya Bukavu na Goma kuna digrii 0.8 tu, na kosa dogo la kusoma kivuli linaweza kumeza sehemu kubwa ya tofauti hiyo.