Jinsi ya Kugeuza Mabanda ya Shamba Yaliyokaa Bure Kuwa Vyumba vya Kupangisha Biashara Ndogo

Katika mashamba mengi ya Kiambu, Murang'a, Nakuru na Uasin Gishu yapo majengo ambayo kazi yake ilikwisha kitambo: kiwanda cha kahawa kilichofungwa baada ya mibuni kung'olewa, banda la kuku lililoachwa bei ya chakula ilipopanda, zizi la ng'ombe wa gredi, ghala la mahindi, stoo ya dawa. Wakati huohuo, katika soko lililo karibu, seremala anafanyia kazi chini ya turubai kando ya barabara, na mwenye duka la pembejeo anarundika magunia ya mbolea sebuleni kwake. Mwongozo huu unamlenga mwenye shamba nchini Kenya anayetaka kuwapokea watu kama hao bila kujiingiza katika hasara au kesi.

Kabla ya kumwita mwashi, mtafute mpangaji. Wengi huanza kwa kupaka rangi na kuweka milango ya chuma, kisha hugundua kwamba fundi wa kuchomelea aliyekuja kuulizia anahitaji umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa, kwamba msindikaji wa mtindi anahitaji sakafu inayoweza kuoshwa kila siku pamoja na mfereji wa kutolea maji, na kwamba mshonaji hahitaji lolote kati ya hayo ila mwanga wa kutosha na mlango unaofungika. Pita sokoni, zungumza na mafundi, uliza wanalipa kodi kiasi gani kwa sasa, wanalalamikia nini mahali walipo, na wangekubali kuhamia umbali gani. Biashara inayoishi kwa wapita njia, kama vile kinyozi au duka la rejareja, haitakuja shambani hata kodi iwe nafuu namna gani. Inayokuja ni ile inayokosa nafasi mjini: useremala, uchomeleaji, ufyatuaji wa matofali, uhifadhi wa bidhaa, ufungaji wa parachichi na mboga.

Kulikagua jengo

Si kila jengo linafaa, na ni heri kuujua ukweli huo mapema. Ghala la mahindi la fito, lile jembamba lililoinuliwa juu ya nguzo ili upepo upite kati ya mahindi, lilifanywa jembamba makusudi, na sakafu yake haikukusudiwa kubeba mashine. Mara nyingi huwa na faida zaidi likibomolewa na mbao zake kutumiwa kwingine. Banda la kuku ni bora zaidi kuanzia. Likiwa lilijengwa inavyopaswa, urefu wake huelekea mashariki na magharibi, kwa hiyo kuta ndefu hutazama kaskazini na kusini, na jua kali la asubuhi na alasiri haliwapigi watu usoni wakiwa kazini. Kiwanda cha kahawa huwa na sakafu imara na kuta nene, lakini kwa kuwa kahawa huoshwa kwa maji mengi, viwanda hivyo vilijengwa karibu na mito. Pima kwanza umbali kutoka ukingoni, kwa maana ukanda wa hifadhi ya mto, unaoweza kuwa wa mita 6 hadi 30, hauruhusiwi kuendelezwa.

Ukaguzi wa awali unaweza kuufanya mwenyewe. Chukua bisibisi uisukume kwenye kila nguzo ya mbao pale inapokutana na ardhi. Ikizama bila kupata kizuizi, mchwa au uozo umekwisha kuingia, hata kama sehemu ya juu ya nguzo ingali nzima na inang'aa. Kisha jaribu sakafu: kata karatasi ya nailoni yenye upana wa mita moja hivi kila upande, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi kwenye kingo zote nne, uiache hadi siku ya pili. Ukiibandua na kukuta matone upande wa chini, au zege lililofunikwa limekuwa jeusi kuliko lililo kando yake, unyevu unapanda kutoka ardhini, na magunia ya unga au vitambaa vitakavyowekwa hapo vitaota ukungu.

Zizi la ng'ombe lina matatizo yake ya pekee. Mkojo na samadi huacha chumvi ndani ya zege, na chumvi hizo hula nondo na kuifanya lipu mpya ibanduke muda mfupi baada ya kupigwa. Kuosha kwa maji hakutoshi. Inabidi kuchimbua tabaka lililoharibika, kutandaza nailoni nzito ya kuzuia unyevu, kuweka wavu wa chuma wa BRC na kumwaga zege jipya la unene wa sentimita 10 hadi 15, kutegemea uzito wa mashine zitakazowekwa. Kazi hiyo pia huondoa mteremko uliokuwa ukipeleka mkojo mferejini, ambao ungeifanya mashine ya kupasua mbao isisimame sawa.

Sumu ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Mapaa mengi ya zamani yameezekwa kwa shuka za kijivu za asbesto, ambazo hazipaswi kukatwa, kutobolewa wala kusuguliwa, kwa sababu vumbi lake husababisha magonjwa ya mapafu na saratani. Uondoaji wake hufanywa na watu waliopewa leseni na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, si na vijana wa mjengo. Majosho ya zamani yalitumia aseniki kuua kupe, na aseniki haiozi, hubaki katika udongo ulio kandokando. Stoo za dawa huwa zimefyonza mrututu na viuatilifu vya miaka mingi katika sakafu na kuta. Mimi nisingempangisha mtu anayesindika chakula mahali palipokuwa stoo ya dawa, hata pasuguliwe mara ngapi. Mahali hapo pawe pa kuhifadhi vifaa vya ujenzi au kitu kingine kisicholiwa.

Jambo la mwisho katika ukaguzi linahitaji mhandisi aliyesajiliwa, nalo ni upepo. Banda lililo wazi pande zote huupitisha upepo, lakini ukijenga kuta tatu na kuacha upande wa nne wenye lango pana, upepo huingia na kukosa pa kutokea, ukalisukuma paa kutoka chini. Mapaa ya mabanda mengi yameshikiliwa kwa misumari mitupu. Mhandisi atakuambia ni wapi pa kufunga vyuma na boliti, na iwapo nguzo zilizopo zinaweza kubeba mzigo huo.

Vibali

Anza na hatimiliki. Iwapo shamba lingali katika jina la babu aliyefariki, au ndugu wanne wanaligombania, usitie hata mfuko mmoja wa simenti hadi mirathi ikamilike, kwa kuwa jengo litakalopendeza ndilo litakaloanza kugombaniwa.

Kubadilisha matumizi ya jengo kutoka ukulima hadi biashara huhesabiwa kuwa uendelezaji chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na huhitaji idhini ya serikali ya kaunti. Mtaalamu wa mipango ya ardhi aliyesajiliwa hukuandalia ripoti, ilani hutolewa kwa umma ili majirani waweze kupinga au kutoa maoni, kisha kaunti huamua. Uendelezaji bila idhini ni kosa la jinai linaloweza kukutoza faini au kifungo. Wapo watakaokuambia kwamba kijijini hakuna anayekagua. Huenda ni kweli kwa mwaka mmoja au miwili, lakini mpangaji wako atakapokwenda kuomba leseni ya biashara, au benki itakapotaka kuona stakabadhi kabla ya kumkopesha, ukosefu wa idhini utajitokeza.

Ukiwa ungali na ardhi ya kilimo, kumbuka pia bodi ya ardhi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inahitaji upangishaji wa ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti uidhinishwe na bodi, na ombi lipelekwe katika muda wa miezi 6 tangu makubaliano yafanywe. Bila idhini hiyo makubaliano huwa batili. Kwa kawaida bodi hutaka kumwona mume au mke wa mwenye ardhi, kwa hiyo mjadala wa nyumbani utangulie.

Ujenzi wenyewe

Gawa jengo kwa hesabu rahisi. Banda la mita 9 kwa 36 likikatwa kila baada ya mita 4.5 hutoa vyumba 8 vya takriban mita 40 za mraba, kila kimoja kikiwa na mlango wake upande mrefu. Kuta za kutenganisha zifike hadi kwenye mabati na kuzibwa juu: ukuta unaoishia chini ya kenchi huwa mlango wa mwizi na njia ya moto. Usimweke seremala na mchomeleaji ubavu kwa ubavu bila ukuta wa mawe kati yao.

Weka mita ya umeme ya kila chumba. Mita moja ya pamoja huzaa ugomvi kila mwezi, hasa pale mchomeleaji na mshonaji wanapogawana bili sawa. Ombi la fezi tatu litolewe mapema, maana likihitaji transfoma mpya, gharama yake inaweza kuibadilisha hesabu yako nzima. Vyoo viwe tofauti kwa wanawake na wanaume, na tangi la maji taka liwe mbali na kisima na upande wa chini wa mteremko.

Ukiwa ungali unafuga, tenganisha lango la wapangaji na la mifugo. Magari ya wateja yanayotoka masoko mbalimbali huleta magonjwa kwenye magurudumu, na banda moja la kuku walio hai linaweza kuangamia kwa sababu ya pikipiki iliyopitia pale. Barabara nayo iangaliwe wakati wa mvua za masika, wala si Januari.

Jenga vyumba viwili kwanza. Tuseme kazi nzima itagharimu shilingi 1,600,000 na vyumba 8 vitalipiwa shilingi 8,000 kila kimoja, yaani 64,000 kwa mwezi. Toa robo kwa ajili ya vyumba vitakavyokaa bila mtu na matengenezo, zibaki 48,000. Fedha zako zitarudi baada ya miezi 33 au 34, kabla ya ushuru. Ikiwa vyumba viwili vya kwanza vitakaa miezi mitatu bila mtu, utakuwa umepata jibu kwa bei ndogo.

Mkataba

Hapa ndipo wenye majengo wengi hujikwaa. Chini ya Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji (Maduka, Hoteli na Mahali pa Kuuzia Chakula), Sura ya 301, upangaji wa duka, hoteli au mahali pa kuuzia chakula huwa wa kulindwa ikiwa hakuna mkataba wa maandishi, au mkataba ni wa miaka 5 au pungufu, au una kifungu kinachoruhusu kuuvunja kabla ya miaka 5 kwa sababu isiyokuwa ukiukaji wa masharti. Neno duka katika sheria hiyo hujumuisha mahali panapotolewa huduma kwa malipo, kwa hiyo fundi wa kukarabati pikipiki anaweza kuingia. Mpangaji wa namna hiyo huwezi kumwongezea kodi wala kumwondoa kwa barua ya mkono. Lazima utoe notisi rasmi ya angalau miezi 2, naye anaweza kwenda mbele ya baraza linaloshughulikia kodi za majengo ya biashara. Kumfungia mlango kwa kufuli lako ni kujitafutia amri ya kulipa fidia. Ndiyo sababu mawakili wa Kenya hupenda kuandika mikataba ya miaka 5 na miezi 3. Kwa biashara changa muda huo ni mrefu, na mwenye jengo anaweza kuamua kuishi na ulinzi huo, mradi tu anajua alichokitia sahihi.

Kuhusu ushuru, kiwango cha asilimia 7.5 kinachotozwa mapato ya pango ni cha nyumba za makazi pekee. Pango la majengo ya biashara huongezwa katika mapato yako mengine na kutozwa kwa viwango vya kawaida, na mapato yanayotozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) yakifikia shilingi milioni 5 kwa mwaka, ni lazima ujisajili na kutoza asilimia 16.

Siku ya kukabidhi funguo, zungukeni chumba pamoja na mpangaji, mpige picha za sakafu, kuta, soketi na mlango, mwandike namba iliyo kwenye mita, na nyote wawili mtie sahihi kwenye karatasi hiyo kabla ya amana kupokelewa.