SOMO: Kutumia simu kwa TalkBack mpaka kutuma pesa mwenyewe (kwa wasioona na wenye uoni hafifu)

Habari za jioni ndugu zangu, na karibuni wanachama wapya. Wengi mliojiunga hivi karibuni mmeuliza jambo moja kwa namna tofauti: simu ya kupangusa ninayo, sasa naitumiaje bila kuona? Somo hili linaanzia kuwasha TalkBack, yaani kisoma skrini cha Android kinachokutamkia kilichopo kwenye skrini, na linaishia kwenye kutuma pesa bila kumtajia mtu namba yako ya siri. Hapo kwenye namba ya siri ndipo ninapotaka tufike wote. Unaweza kusoma habari zote za mtandaoni, lakini kama kila ukitaka kutuma elfu kumi unampa kijana wa dukani simu pamoja na namba ya siri, hela hiyo si yako peke yako.

Nazungumzia simu za Android kwa sababu ndizo wengi wetu tunazo. Wenye iPhone, kisoma skrini chenu kinaitwa VoiceOver, kimekuwepo tangu iPhone 3GS ya mwaka 2009. Ishara nyingi zinafanana lakini si zote, kwa hiyo msifuate somo hili neno kwa neno.

Hatua ya kwanza: kuwasha na kuzima

Fungua Mipangilio, ingia Ufikivu, chagua TalkBack, washa. Simu ikiwa kwa Kiingereza, sehemu hiyo inaitwa Accessibility. Mara hii ya kwanza omba mtu anayeona akusaidie. Hapohapo mwambie awashe njia ya mkato, ili siku nyingine ubonyeze vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, ya kuongeza na ya kupunguza, uvishikilie kama sekunde tatu. TalkBack itawaka au kuzimika. Usimwache msaidizi wako aondoke kabla hujajaribu mwenyewe.

Hatua ya pili: sauti ya Kiswahili

Hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu. Simu nyingi huja na sauti ya Kiingereza, na sauti hiyo ikisoma ujumbe wa Kiswahili, neno kama "umepokea" huwa halieleweki kabisa. Mtu anadhani masikio yake ndiyo mabovu. Rudi kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, chagua injini ya Google, kisha pakua sauti ya Kiswahili. Fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi kama unaweza. Ikishapakuliwa inasoma hata bila intaneti.

Kuna nyingine inaitwa eSpeak NG. Ni nyepesi, ni ya bure, nayo ina Kiswahili. Sauti yake ni kavu, lakini ukiizoea unaweza kuiongezea kasi sana na bado ukaisikia vizuri. Ndiyo hiyo inayokuja ndani ya NVDA, kisoma skrini cha bure cha kompyuta za Windows kilichoanzishwa Australia mwaka 2006. Ukiizoea kwenye simu, siku ukikaa kwenye kompyuta hutaanza upya.

Hatua ya tatu: ishara

Usijifunze zote. Anza na hizi. Papasa skrini kwa kidole kimoja, usikie kilichopo chini ya kidole. Telezesha kidole kimoja kwenda kulia kufika kwenye kitu kinachofuata, kushoto kurudi nyuma. Gusa mara mbili haraka, popote kwenye skrini, kufungua kile kilichotajwa mwisho. Kusogeza ukurasa tumia vidole viwili. Kuinyamazisha inaposema sana, gusa mara moja kwa vidole viwili. Kufungua menyu ya TalkBack yenyewe, gusa kwa vidole vitatu. Kwenye matoleo ya zamani telezesha chini kisha kulia bila kuinua kidole.

Ndani ya mipangilio ya TalkBack kuna mafunzo ya mazoezi. Yafanye yote, hata kama yanachosha.

Hatua ya nne: kuandika kwa kuongea

Kwenye kibodi ya Gboard ongeza lugha ya Kiswahili, kisha tafuta kitufe cha maikrofoni juu ya herufi. Gusa mara mbili, ongea, na maneno yanajiandika. Google iliongeza Kiswahili kwenye huduma hii mwaka 2017, pamoja na Kiamhari na lugha nyingine kadhaa. Inakosea majina ya watu na ya vijiji, kwa hiyo sikiliza ulichoandika kabla ya kutuma. Hatua hii naipa uzito kuliko inavyoonekana, na sababu mtaiona kwenye maswali.

Hatua ya tano: kuishi kwenye kundi

Simu yako inaweza kusoma kitufe, lakini haijui kwa nini benki imehamisha kitufe hicho jana. Aliyekumbana nacho jana yuko kwenye kundi. Ndiyo maana kundi la WhatsApp la watu wanaotumia TalkBack lina thamani kuliko fundi wa mtaani, ambaye mara nyingi atazima TalkBack na kukurudishia simu akisema imepona.

Ukiuliza swali, taja mambo manne: aina ya simu, toleo la Android, ulikuwa unafanya nini, na maneno ya mwisho TalkBack iliyoyasema. "Simu yangu inasumbua" haimsaidii mtu kukusaidia. Ukishindwa kueleza, tumia simu nyingine kurekodi TalkBack inavyosema, utume sauti hiyo.

Na wenye kuona mlio humu, tafadhali. Ukituma nyuso kumi za kucheka, mwenzako anasikia "uso wenye machozi ya furaha" ikirudiwarudiwa kabla hajafika kwenye ulichosema. Ukituma picha, weka mstari mmoja wa maelezo. "Picha ya tangazo la kazi, mwisho wa kuomba ni tarehe 30" inatosha.

Hatua ya sita: pesa

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na ilipofika Tanzania mwaka 2008, wengi walikuwa na simu za vitufe. Kitufe cha 5 kina kinundu katikati. Ukikishika hicho, namba nyingine zote unazijua zilipo, na wapo waliokariri menyu nzima wakatuma pesa bila kuona. Kilichokosekana ni uhakika: simu ile haikusema jina la unayemtumia, wala haikusoma ujumbe wa kuthibitisha. Simu ya kupangusa imetuondolea kinundu, lakini imetupa sauti.

Ukipiga *150*00# ya M-Pesa Tanzania, menyu inafunguka kama dirisha dogo na TalkBack inaanza kuisoma yote. Shida ni kwamba mtandao haukusubiri. Ukichelewa, dirisha linafungwa na unaanza upya. Kwa hiyo siku ya kwanza sikiliza menyu mpaka mwisho bila nia ya kutuma chochote, ukariri namba za yale unayoyatumia. Siku ya kutuma kweli, ikianza kusoma inyamazishe kwa vidole viwili, gusa kisanduku cha kujaza, weka namba, tafuta "Tuma". Mitandao mingine nayo ni vilevile, *150*60# ya Airtel Money kwa mfano.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kwenye simu nyingi za Android, kisanduku cha menyu hii ni kisanduku cha kawaida. Namba ya siri huonekana wazi kwenye skrini, na TalkBack huitamka kila tarakimu kwa sauti. Ukiwa kwenye daladala au dukani, umewatangazia wote. Fanya mambo mawili kabla hujapiga menyu. Kwanza vaa iafoni, sikio moja tu linatosha, la pili libaki na mazingira. Pili fungua menyu ya TalkBack, chagua "Ficha skrini". Skrini inakuwa nyeusi kabisa na wewe unaendelea kufanya kazi zako kama kawaida. Aliyekaa karibu haoni kitu.

Kabla ya kuthibitisha, jina la mpokeaji litatajwa. Lisubiri hilo hata kama una haraka. Baada ya hapo fungua ujumbe wa kuthibitisha na usome mwenyewe: jina, kiasi, salio. Ujumbe wa kweli unatoka kwa jina la huduma, na TalkBack hulitaja jina hilo kwanza. Ikianza kukusomea namba ya kawaida ya simu, halafu maneno yakafanana na ya muamala, huo ni wizi. Na ule wa "ile hela nitumie kwenye namba hii" mnaujua, futeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu alichezea simu ya baba, sasa inaongea yenyewe na skrini haisogei kabisa. Tumezima na kuwasha, wapi.

Marahaba. Simu haijaharibika, TalkBack imewashwa tu. Shikilieni vitufe vyote viwili vya sauti sekunde tatu. Isipokubali, ingieni Mipangilio kwa kugusa mara mbili badala ya mara moja, na kusogeza kwa vidole viwili badala ya kimoja. Kufungua skrini iliyofungwa pia ni vidole viwili kwenda juu.

Mwanza: Mimi naona kidogo, maandishi makubwa nasoma. TalkBack naiona nzito. Ni lazima?

Si lazima, mama. Kwenye Ufikivu kuna Ukuzaji. Ukiuwasha kwa njia ya mkato ya kugusa mara tatu, unagusa skrini mara tatu inakua, kisha unasogeza kwa vidole viwili. Ongeza na ukubwa wa maandishi, jaribu pia kugeuza rangi ili herufi ziwe nyeupe kwenye weusi. Wengi wenye uoni hafifu hupumzika macho hivyo. Lakini nakushauri uijue TalkBack kidogo kidogo, hasa kama daktari amekwambia macho yanaendelea kupungua. Kujifunza ukiwa bado unaona kidogo ni rahisi zaidi.

Mombasa: Huku kwetu natumia programu ya M-Pesa, si menyu. PIN yaonekana kama nukta tu. Bado nahitaji iafoni?

Ndiyo kaka. Anayechungulia haoni, lakini unapopapasa vitufe vya namba kila kimoja husomwa. Anayesikiliza anaweza kukufuatilia.

Dodoma: Mimi ni kiziwi. Nawapenda sana humu ila nusu ya kundi ni sauti. Jana mlijadili mikopo ya halmashauri saa nzima kwa sauti, mimi nikabaki nahesabu dakika za rekodi.

Dada yangu, umesema jambo ambalo lilipaswa kusemwa zamani. Kwa asiyeona, sauti ni nafuu kwa sababu kuandika herufi moja moja kunachosha. Kwa kiziwi, sauti hiyohiyo ni mlango uliofungwa. Hatuwezi kusaidia upande mmoja kwa kuutoa upande mwingine nje, na ndiyo maana hatua ya nne nimeipa uzito. Ukiongea kwenye maikrofoni ya kibodi badala ya maikrofoni ya WhatsApp, wewe umeongea vilevile, lakini mwenzako amepata maandishi. Na asiyeona naye anasomewa na TalkBack. Kuanzia leo naomba iwe kanuni: jambo la taarifa, mkopo, kazi au tahadhari liandikwe kwa njia hiyo. Sauti zibaki kwa salamu na kwa mtu aliyekwama kabisa, na anayemjibu aandike kwa kifupi alichosikia. Kwako wewe, ipo programu ya Google iliyotoka mwaka 2019 inaitwa Live Transcribe, ina Kiswahili. Inakuandikia kinachosemwa mbele yako, benki, hospitali au kanisani. Kwa rekodi za zamani za humu, icheze kwenye simu ya pili karibu na simu yenye programu hiyo. Mikopo nitakuandikia faragha usiku huu.

Morogoro: Matangazo ya ajira yanakuja kama picha. TalkBack inasema "picha" basi.

Fungua picha kwa Google Lens, chagua maandishi, nakili, bandika mahali unapoweza kusoma. Tangazo lililopigwa picha limepinda litatoka na makosa, hasa kwenye namba za simu, kwa hiyo hakikisha kabla ya kupiga. Ikishindikana kuna Be My Eyes, ilianzia Denmark mwaka 2015: mtu wa kujitolea anaona kupitia kamera yako na kukusomea. Kwa tangazo, dawa au mita ya umeme ni msaada mkubwa. Kadi ya benki na kitambulisho usimwonyeshe.

Kigoma: Wakala wangu anasema kwa kuwa sioni, ni sheria nimpe namba ya siri aingize yeye.

Hakuna kitu kama hicho. Wakala anahitaji kuona ujumbe wa muamala, hahitaji namba yako ya siri. Mwambie utajaza mwenyewe, shika simu yako mkononi muda wote. Akikataa nenda kwa mwingine, na wanachama wa Kigoma watakutajia wakala wanayemtumia.

Iringa: Hii TalkBack inakula bando?

Yenyewe hapana. Kinachotumia bando ni kupakua sauti, kuandika kwa kuongea kwenye simu nyingi, Lens na simu za video.

Arusha: Nilisoma nukta nundu shuleni tangu darasa la kwanza. Kibodi ya kupapasa inanichelewesha sana. Hakuna njia?

Ipo, na kwa mtu kama wewe itakuwa ya haraka kuliko zote. Tangu 2020 TalkBack ina kibodi ya nukta nundu. Iwashe kwenye mipangilio ya TalkBack. Shika simu kwa ulalo, skrini ielekee mbele mbali nawe, vidole vitatu vya kushoto kwenye nukta 1, 2 na 3, vya kulia kwenye 4, 5 na 6, kama mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu uliyoizoea. Kiswahili hakina herufi zenye alama za ziada, kwa hiyo hata ukichagua Kiingereza cha daraja la kwanza, kile kisicho na vifupisho, utaandika bila shida, pamoja na ritifaa ya ng'. Mwanzo simu itakuponyoka kidogo. Kaa kitandani au kwenye kochi unapofanya mazoezi. Ukiweza, andika jibu lako hapa kwa kibodi hiyo, na kama nukta zinachanganyika niambie zipi, kuna sehemu ya kuzipanga upya kulingana na vidole vyako.