Namna ya kujiandaa kwa Marathoni ya New York ukichangia utafiti wa saratani

Anza kuchangisha kabla hujaanza kukimbia. Ndivyo ninavyomwambia kila Mkenya wa hapa Jersey City anayeniuliza habari za jezi ya zambarau ya Team in Training, timu ya wakimbiaji wanaochangisha pesa za utafiti wa saratani ya damu. Kilomita 42 mwili utazizoea polepole, lakini dola elfu kadhaa ulizoahidi hazitajileta zenyewe. Timu inakupa nafasi ya kukimbia, kocha na wenzako wa mazoezi, nawe unaahidi kiasi cha chini cha mchango. Soma fomu vizuri kabla ya kutia sahihi. Timu nyingi za hisani huweka tarehe ya kuthibitisha, na ukishaipita, pesa zilizopungua hukatwa kwenye kadi yako.

Timu hii ilianza mwaka 1988. Bruce Cleland, ambaye binti yake alikuwa na saratani ya damu, alikusanya wakimbiaji 38 kwa marathoni hii hii ya New York, nao wakachanga zaidi ya dola 320,000 kwa shirika lililokuja kujulikana kama Leukemia & Lymphoma Society.

Kwetu kuchangisha pesa za utafiti ni kugumu, na inafaa ujue sababu. Watu wetu wanachanga kila wiki: matanga, karo, bili ya hospitali. Ukimtaja mgonjwa wanayemjua, watatoa. Ukisema "utafiti", hawamwoni mtu. Ndiyo maana mimi naanza na shangazi yangu wa Nakuru. Ana saratani ya damu ile madaktari wanayoiita CML, anameza imatinib kila siku, na bado analima shamba lake na kuimba kwaya. Kabla ya dawa hiyo, wengi wenye ugonjwa wake walifariki baada ya miaka michache. Katika CML kuna kimeng'enya kibovu kinachoziamuru seli nyeupe za damu zizaliane bila kikomo, imatinib inakizuia. Dkt. Brian Druker wa Oregon alianza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 1998, na mwaka 2001 dawa ikaidhinishwa Marekani. Shirika ambalo timu hii inalichangia lilikuwa miongoni mwa waliofadhili utafiti wake. Kwa hiyo namwambia mtu wazi: pesa za watu waliokimbia kabla yangu zimemfikia shangazi, na zako zitamfikia mgonjwa ambaye dawa yake bado haijapatikana. Nawe tafuta mgonjwa wako, umwombe ruhusa kwanza, kisha usimulie habari zake.

Usitupe kiungo kwenye kundi la WhatsApp ukangoja. Mpigie mtu simu, taja kiasi, kisha mtumie kiungo mkiwa bado mnaongea. Chama chako kikubali kutoa mzunguko mmoja. Pika pilau na chapati, uuze baada ya ibada. Uliza ofisini kama mwajiri huongeza mchango wa mfanyakazi kwa kiasi kilekile; kampuni nyingi Marekani hufanya hivyo, na watu hawaulizi. Pesa zote zipitie ukurasa wa timu ili kila mtu apate risiti yake.

Mazoezi sasa. Mbio ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo anza kabla Juni haijaisha. Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha, mbio ndefu ikiwa Jumamosi na timu. Kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ongeza kilomita moja au mbili kwa wiki, na kila wiki ya nne upunguze. Mbio ndefu kuliko zote, kilomita 30 hivi, iwe wiki tatu kabla ya siku yenyewe. Julai na Agosti joto la hapa ni kali na lina unyevu. Mimi huwa Liberty State Park kabla jua halijachomoza. Wewe unayelea wazee zamu ya usiku, usitoke kazini ukaingia barabarani. Lala kwanza, kocha atakupangia siku nyingine. Watakuambia, "Wewe Mkenya, kimbia tu." Tegla Loroupe alishinda hapa 1994 na 1995 kwa mazoezi ya miaka mingi, nawe fuata ratiba yako. Uji na ndizi asubuhi vinanitosha. Lolote utakalokula siku ya mbio, lijaribu mapema.

Siku yenyewe utangoja kwa saa kadhaa Staten Island kwenye baridi, basi vaa sweta kuukuu la kuacha pale. Daraja la Verrazzano lipande taratibu. Daraja la Queensboro, karibu na kilomita ya 25, halina washangiliaji. Hapo soma majina ya wagonjwa uliyoyaandika kwenye jezi. Bakiza nguvu za Fifth Avenue, maana inapanda kabla ya Central Park.

Ukimaliza, piga picha medali ikiwa shingoni, uitume siku hiyohiyo kwa kila aliyesema "nitatuma Ijumaa". Kwa kawaida ukurasa wa michango hubaki wazi kwa muda baada ya mbio.