Jinsi ya kusoma jedwali la GATS upande wa bima, tulivyofanya hapa Mtwara

Juzi dada mmoja wakala wa bima kaja ofisini kwangu na swali moja, kampuni ya bima ya Msumbiji inaweza kuja kuuza bima huku kwetu au haiwezi? Wenye maghala ya korosho wanamuuliza kila msimu na hana jibu. Tukakaa mpaka magharibi, ndo maana naandika.

Hatua ya 1. Ligawe swali. GATS, mkataba wa WTO (Shirika la Biashara Duniani) wa biashara ya huduma ulioanza 1995, una njia nne za kuuza huduma kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kampuni iko Pemba kule Msumbiji inakuuzia bima we uko Mtwara, njia ya 1. Umevuka Ruvuma mwenyewe ukakate bima huko, ya 2. Wamefungua ofisi Mtwara, ya 3. Ghala limeungua wakamleta mtu wao akague hasara, ya 4. Kila njia na jibu lake.

Hatua ya 2. Pakua jedwali la nchi, yani orodha ya ahadi zake za kufungua soko, kwenye tovuti ya WTO, hati zake zinaanza na GATS/SC. Liprinti. Usisomee kwenye simu jamani, safu zinakatika, ukishuka chini hujui tena uko njia ya ngapi. Karatasi, rula na kalamu nyekundu.

Hatua ya 3, hapa ndo masaa yameishia. Ukifungua la Tanzania utaitafuta bima mpaka macho yaume, haipo, tulichoahidi GATS ni hoteli za nyota nne kwenda juu. Dada akasema kumbe soko limefungwa. Hapana. Jedwali ni ahadi tu, na kutoahidi maana yake hatujajifunga kwa WTO, ila sheria yetu wenyewe ya 1996 ndo ilimaliza enzi za NIC, shirika la bima la taifa, kuwa peke yake, na ya 2009 inamruhusu mgeni mradi angalau theluthi moja ya umiliki iwe ya Watanzania.

Ukitaka mazoezi fungua la Kenya, wao huduma za fedha waliziweka. Sasa angalia maneno mawili yaliyoandikwa mbele ya kila njia. "None" tuliisoma "hakuna", tukadhani hakuna ruhusa, kumbe ni hakuna kizuizi, yani pako wazi. "Unbound" tukadhani haijafungwa, kumbe ni serikali ndo haijajifunga, kesho inaweza kuzuia bila kuvunja ahadi yake WTO. Tulikua tumejaza karatasi nzima kinyume! Na ukiona "None" usishangilie bado, rudi mwanzo wa jedwali kwenye masharti ya sekta zote, halafu soma safu zote mbili, ya kuingia sokoni na ya kutendewa sawa na wenyeji, maana unaweza kuruhusiwa kuingia ukabanwa ukishaingia.

Hatua ya 4. Soma kiambatisho cha GATS cha huduma za fedha, aya ya 2. Nchi ina haki ya kuwalinda wenye bima hata ikishafungua soko, kwa iyo TIRA, mamlaka yetu ya kusimamia bima, kudai leseni na mtaji sio kuvunja mkataba.

Hatua ya 5. Msumbiji tuko nao SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) na AfCFTA (eneo huru la biashara la Afrika), na kote huduma za fedha zimo kwenye sekta za kipaumbele. Rudia hatua ya 3 kwa majedwali ya huko, andika na tarehe uliyopakua.

Dada kaondoka na karatasi yake: njia ya 3 ndiyo, kwa leseni na ile theluthi. Njia ya 1 kaizungushia nyekundu, Jumatatu anaenda kuwauliza TIRA.