Somo: Besi ya opera inayotiririka, bila kukandamiza koo

Kila wiki napata ujumbe uleule: "Naimba sauti ya nne kwaya, nifanyeje niwe besi wa opera?" Naandika mara moja, tafadhali someni mpaka mwisho. Namzungumzia yule ambaye Waitaliano humwita basso cantante, besi wa kubembeleza mstari. Wa kunguruma chini kabisa ana somo lake.

1. Simama wima, legeza taya.

2. Vuta pumzi mbavu zifunguke, mabega yasipande.

3. Panda taratibu kwa "a". Hapa ndipo nilipoharibu. Kati ya noti A iliyo chini ya noti C ya katikati ya kinanda na D iliyo juu yake, sauti inataka kugeuka. Mimi nilitaka unene wa mzee, nikawa nausukuma ulimi nyuma ili koromeo lishuke. Masikioni mwangu ilikuwa tamu. Aliyekaa safu ya tatu hakusikia kitu. Nikaja kuamka sauti imekwaruza, wiki tatu sikuimba. Weka kidole gumba chini ya kidevu: pakikaza unapoimba, acha hapo hapo. Unapovuka, "a" ielekee kidogo "o". Koo likiuma, funga kazi siku hiyo.

4. Unganisha maneno. Chukua wimbo wa Conte Rodolfo katika opera La sonnambula ya Bellini (Milano, 1831), anapotazama tena mahali pa ujana wake. Imba irabu tupu kwanza, konsonanti baadaye.

MASWALI

– Kaka, ninywe nini nishuke hadi D ya chini kabisa?
Hakuna cha kunywa. Osmin, mhusika katika opera ya Mozart, ndiye anayeshuka huko, na yeye ni besi wa aina nyingine. Rudia hatua ya 3.

– Mwalimu wetu anakataza kubadili irabu.
Nimeandika "kidogo". Msikilizaji bado asikie "a".

– Mwalimu, nina miaka 22, naupenda wimbo wa Mfalme Filippo katika Don Carlos. Ni mapema?
Umeuliza vizuri sana, mdogo wangu. Kwa jukwaa, subiri. Besi huchelewa kukomaa. Kwa kujifunza, anza leo. Verdi, mtunzi wa opera hiyo (Paris, 1867), anaitanguliza selo, ala ya nyuzi kama fidla kubwa, kabla mfalme hajafungua kinywa. Mfalme amekesha, mishumaa inakwisha. Sikiliza upinde unavyogeuka bila sauti kukatika, pumzi yako ifuate hivyo. Kisha wasikilize mabesi wa Italia Ezio Pinza na Cesare Siepi, uzime, uimbe kwa rangi yako.

– Naongezea: ukijirekodi, simu iwe mwisho wa chumba, isiwe mkononi.
Ahsante sana. Mwaka ule ningeijua hiyo, nisingenyamaza wiki tatu.