Toa kwenye 80, ujue kama A bado ipo
Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, shahada ya daraja la kwanza inaanzia wastani wa 4.40 kati ya 5.00. Kabla ya kudurusu, chukua 80, mpaka wa A, utoe alama zako za kazi za muhula. Zikiwa zinabeba 40, mwenye 31 anahitaji 49 kwenye mtihani wa 60. Mwenye 19, A imeshamponyoka: hata akipata zote anaishia 79. Nguvu hizo azihamishie kozi yenye krediti nyingi (yaani uzito wa kozi kwenye wastani); kupanda kutoka B+ hadi A huongeza nusu pointi kwa kila krediti, kwa hiyo kwenye krediti 4 kunaleta pointi 2, kwenye krediti 3 moja na nusu tu. Hesabu huharibika alama za jaribio lako zikikosekana kwenye orodha iliyobandikwa (hutokea!), kwa hiyo usitupe karatasi zilizosahihishwa.