Halloween na watoto: anza na barabara, pipi baadaye

Jamani wazazi, tarehe 31 Oktoba ikikaribia, ile jioni ya Halloween watoto wanavaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, utasikia kila mtu anaongelea pipi za sumu na wembe ndani ya tufaha, na mimi siwazuii kukagua pipi, kagueni, ila kesi za kweli za mtu baki kumwekea mtoto sumu ni adimu mno. Kinachoua usiku ule ni gari. Kuna utafiti wa Marekani uliopekua ajali za kuanzia 1975 hadi 2016, wakakuta jioni ya Halloween hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa inapanda kwa asilimia 43 ukilinganisha na jioni zingine za karibu na siku hiyo, na watoto wa miaka 4 mpaka 8 ndo hatari yao inapanda zaidi ya wote.

Kwaiyo kabla hujanunua chochote jiulize kama dereva atamwona mtoto mapema. Vazi la mzimu mweusi linapendeza ndani ya nyumba lakini nje gizani halionekani kabisa, sa chukua stika au mkanda unaoakisi mwanga ubandike mgongoni, kifuani na kwenye mfuko wa pipi, alafu kila mtoto apewe tochi yake. Maski mi sizipendi, zinaziba macho pembeni, mtoto anavuka huku anaona mbele tu, bora umpake rangi usoni (ijaribu kidogo kwenye mkono siku moja kabla uone kama inamwasha). Nguo isiburuze chini, viatu viwe vyake mwenyewe sio vya mama.

Na zile lensi za kubadilisha rangi ya macho, kwa vijana wakubwa hasa, kama hazijatoka kwa daktari wa macho usikubali hata kidogo, zinaweza kukwaruza jicho likaingia maambukizi na kuna watu wamepoteza uwezo wa kuona.

Njiani, watoto chini ya miaka 12 waende na mtu mzima. Wakubwa wakienda wenyewe mkubaliane njia na saa ya kurudi, simu iwe na chaji. Mmalize upande mmoja wa barabara ndo mvuke kwenda wa pili, maana kinachowaponza ni kule kukimbia zigizaga kila wakiona nyumba yenye taa, na wasitokee katikati ya magari yaliyopaki. Kama wewe ndo unaendesha jioni hiyo, punguza mwendo kuliko kawaida na simu iweke mbali.

Moto nao. Boga la mapambo lililochongwa sura weka taa ya betri badala ya mshumaa, mavazi mengi ni mepesi na yanapepea, yakigusa mwali yanashika haraka. Mfundishe mtoto nguo ikishika moto asikimbie, asimame, alale chini, afunike uso na ajiviringishe. Kuchonga boga, mtoto achore na atoe mbegu, kisu ni cha mtu mzima. Ila hizo taa ndogo zina betri za duara kama kifungo, hakikisha kifuniko kimefungwa kwa skrubu, mtoto akimeza betri hiyo inaweza kuunguza koo ndani ya masaa 2 tu, ukihisi tu amemeza kimbia hospitali, usisubiri dalili na usimtapishe.

Mkirudi mwage pipi mezani zote. Iliyofunguka au kutoboka tupa. Wa chini ya miaka 4 usimpe pipi ngumu, karanga, bazoka wala popkoni, atapaliwa, na hili ni tishio la kweli kuliko huo wembe. Mwenye aleji soma lebo kila moja maana pipi ndogondogo zinaweza kuwa na viungo tofauti na zile za saizi kubwa. Ukiona mlangoni kuna boga limepakwa rangi ya buluu-kijani ujue hapo wanatoa vitu visivyoliwa, stika au midoli, na wewe pia unaweza kufanya hivyo kwako.

Mbwa mfungie chumbani jioni nzima, mlango unafunguliwa mara mia akitoroka atagongwa au atang'ata mtoto wa watu. Chokoleti ni sumu kwake, na bazoka au pipi zisizo na sukari zenye zailitoli (kitu cha kutia utamu badala ya sukari) ni mbaya zaidi, akila mpigie daktari wa mifugo hapohapo na umtajie amekula nini na kiasi gani.